Maswali ya Wasomaji: Mnatembea Kuelekea kwa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana kumi na wanane wa Tabata ambao, tangu mgao wa maji wa mwishoni mwa mwaka 2022, tumekuwa tukijadiliana juu ya kupungua kwa maji ya Mto Ruvu. Tumekusudia kutembea kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, tukapinge ukataji wa misitu kwenye vyanzo vya mto huo katika milima ya Uluguru. Wazee wetu wanasema tutamaliza soli bure. Je, matembezi ya namna hii yamewahi kuleta lolote? Sheria inaturuhusu? Na tujiandae vipi? – Msomaji, Tabata.

JIBU: Ndugu yangu, nitayajibu yote matatu, ila kuna swali la nne ambalo barua yako imelipita, nalo ndilo litakaloamua kama wazee wenu wamesema kweli: mnatembea kuelekea kwa nani?

Watu wakisikia habari za safari hizi huhesabu kilomita, lakini mimi huangalia kwanza safari inaishia wapi. Tarehe 12 Machi 1930 Mahatma Gandhi, akiwa na umri wa miaka 60, aliondoka Sabarmati, magharibi mwa India, na wafuasi 78, wakatembea takribani kilomita 390 kwa siku 24. Hakwenda Delhi kwenye ofisi za watawala. Alikwenda Dandi, ufukweni, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuinama na kuokota chumvi, na kwa kuokota huko akawa amevunja sheria iliyoifanya chumvi kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Waliotembea kwa ajili ya mazingira wamejifunza hapo. Mwaka 2014 Yeb Saño wa Ufilipino, aliyewahi kuiwakilisha nchi yake kwenye mazungumzo ya tabianchi, alitembea na wenzake takribani kilomita 1,000 kutoka Manila hadi Tacloban, wakafika mwaka mmoja baada ya kimbunga Haiyan kuuvunja mji huo. Mwaka uliofuata akatembea kutoka Roma hadi Paris, kwa sababu safari hiyo waliotakiwa kumsikia walikuwa wanakutana Paris, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi. Naye Sonam Wangchuk, mwanaharakati wa India, aliondoka mji wa Leh na wenzake Septemba 2024, wakidai ardhi na mazingira ya eneo lao la Ladakh, kaskazini mwa nchi hiyo, yalindwe, wakaelekea Delhi kwa kuwa mamlaka ya kuamua jambo hilo yako Delhi. Walizuiwa na polisi mpakani mwa jiji hilo usiku wa tarehe 30, lakini kabla ya mwaka kwisha mazungumzo na serikali yalikuwa yamerejea.

Kama yalileta kitu? Yalileta, ila si kwa haraka wala si kwa ukamilifu. Gandhi alikamatwa Mei 1930, maelfu kwa maelfu wakafungwa, na makubaliano ya Machi 1931 yaliwapa watu wa pwani ruhusa ya kujitengenezea chumvi huku sheria yenyewe ikibaki. Na siwezi kukwambia kwamba miguu ya Saño ndiyo iliyoleta Mkataba wa Paris.

Sasa tuitazame safari yenu. Anayetembea Barabara ya Morogoro alfajiri, akishapita Mlandizi, hupishana na pikipiki zinazoshuka kuja mjini, kila moja imebeba magunia matatu ya mkaa, mawili ubavuni na moja nyuma ya dereva, yamejazwa kupita mdomo, yakavishwa kilemba cha majani na kufumwa kwa kamba. Mkaa huo unakuja kwetu: unakuja Tabata, unapimwa kwa kopo pale gengeni, na huenda ndio ulioivisha maharage mliyokula mkipanga safari hii. Ninyi mtakuwa mnapanda kwenda kumkemea mkulima wa Uluguru, na kosa la jiko lenu linashuka kwa upande wa pili wa barabara. Mkulima huyo ana haki ya kuwauliza mmefuata nini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba muigeuze safari. Pandeni basi hadi Morogoro, mkae siku mbili tatu na wanavijiji wa miteremko ya Uluguru, kisha mtembee nao kuteremka kama maji yanavyoteremka. Msitu wa mlimani huinasa mvua na ukungu, ukaachia maji kidogo kidogo miezi yote. Ukifyekwa, mvua hushuka kwa mara moja na udongo wake, mto ukafurika wakati wa masika na kubaki mchanga wakati wa kiangazi. Jambo hilo mwanakijiji atalieleza vizuri kuliko bango lolote, maana ameliona shambani kwake. Mtauvuka Ruvu darajani, mtapita Mlandizi ambako maji ya jiji huchotwa na kusafishwa, na mtaishia Dar es Salaam, mahali maji hayo yanaponywewa na mkaa huo unapochomwa. Ikiwa madai yenu ni ya sera, basi elekeeni Dodoma ziliko wizara. Kutoka Dar es Salaam ni mbali zaidi ya mara mbili ya Morogoro, lakini kuna mtu wa kuipokea barua yenu.

Nchini kwetu mila ya kutembea ipo, ingawa ilizaliwa na sura nyingine. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, vijana walitembea kutoka mikoani kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki njiani akitokea Arusha; Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza Oktoba mwaka huo. Yale yalikuwa matembezi ya kuunga mkono; yenu ni ya kupinga. Mtu akiwaona mmeshika mabango atadhani ni matembezi ya hisani, au atadhani ni vurugu, na mtalazimika kujieleza kila kituo. Zoeeni.

Kuhusu sheria, Ibara ya 20 ya Katiba inatambua haki ya kukusanyika kwa amani, na Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali asilia. Hata hivyo Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inataka mtoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, mkieleza mahali, muda na madhumuni, naye ana uwezo wa kuzuia. Njia yenu inapita Morogoro, Pwani na Dar es Salaam, hivyo taarifa moja haitoshi. Pelekeni kila eneo, mgongewe muhuri kwenye nakala, na nakala hizo mtembee nazo. Wakili azisome kwanza.

Maandalizi ni mafupi. Njia ni karibu kilomita 190, na kwa kilomita 20 kwa siku mtatumia siku tisa au kumi. Tembeeni kwa mstari mmoja upande wa kulia, mkitazamana na magari, maana upepo wa lori la mizigo humyumbisha mtu mzima. Saa nne asubuhi muwe kivulini, muanze tena saa kumi. Viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa miezi miwili, na soksi mbili mbili. Malengelenge ya siku ya pili ndiyo huwarudisha watu nyumbani, na hao kumi na wanane, wekeni hesabu ya kufika kumi na wawili.