Kabla hujanunua samaki, nunua karafuu

Wewe unayeanza kufuga samaki wa mapambo hapa Dodoma, utaulizia pampu ya hewa, chujio na chakula. Kuna kitu muuzaji hatakutajia: mafuta halisi ya karafuu, ya kumfisha kwa upole samaki mgonjwa asiyepona. Halisi, si yale ya nywele yaliyochanganywa na nazi.

Samaki wangu wa kwanza alivimba tumbo mpaka magamba yakasimama kama manyoya ya kuku mgonjwa. Nikadondosha matone matano kwenye ndoo ya lita kumi. Akalala ubavu, nikajua basi. Nimeshachimba chini ya mpapai, nimemlaza kwenye udongo, naona tamvua la kupumulia linafunguka, linafunga. Nilirudi naye ndani mbio, mikono inatetemeka. Alikuwa amelewa tu.

Siku hizi nateka lita moja ya maji ya tangi lake mwenyewe. Navuta mililita 0.4 za mafuta kwa bomba la sindano, natikisa kwenye kichupa chenye maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe, maana bila hivyo hayachanganyiki na maji. Namimina kidogo, akishalala, namalizia yote. Matamvua yakisimama ndipo naanza kuhesabu: dakika 10 ndiyo chini kabisa, mimi huacha nusu saa. Friza na choo sahau, huko anakufa polepole.

Ila usikimbilie karafuu. Anayehema juu ya maji mara nyingi ni maji machafu yanamsumbua. Badilisha robo kwanza, kwa maji yaliyotolewa klorini, umwangalie.

Watakucheka. Soko la Majengo perege wa Mtera wamepangwa mafungu, wewe unahangaika na kisamaki cha kidole! Mwaka 2003, kuona kama samaki anaumia, mtafiti Lynne Sneddon na wenzake huko Uingereza waliwadunga samaki aina ya trauti asidi ya siki midomoni. Wakawa wanasugua midomo kwenye changarawe na kukawia kurudi kula. Waliopewa mofini, dawa ya kutuliza maumivu, walisugua kidogo. Wapo wanasayansi wanaobisha, wakisema samaki hana lile tabaka la ubongo linalompa binadamu maumivu. Wabishane. Mimi nimeliona lile tamvua.

Chupa iandike jina na uifiche. Yangu ilipotea wiki nzima, kumbe shemeji anatibia jino.