Mguu mzima nao umeanza kuchoka, polio imerudi?

SWALI: Habari dokta. Mi ni mama wa miaka 45, niliugua polio nikiwa na miaka mitano, mguu wa kushoto ukabaki mwembamba na mfupi kidogo ila nimetembea nao hivyo hivyo, nimezaa, nimefanya kazi, sijawahi kulalamika. Sasa toka mwaka juzi huu wa kulia, ule mzima kabisa, umeanza kunigomea, nikipanda ngazi unatetemeka, usiku unauma, mchana nachoka uchovu ambao hata kulala hauishi. Polio imerudi? Naogopa kumwambukiza mjukuu maana nalala nae. Alafu tulikuwa watoto sita nyumba moja, kwanini nipate mi peke yangu? Marehemu mama alikufa anajilaumu, aliamini ni ile sindano aliyonipeleka nikachomwe nilipokuwa na homa.

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Nianze na mjukuu maana naona ndo anakunyima usingizi: lala nae bila wasiwasi. Kirusi cha polio kinakaa kooni wiki moja mbili hivi, kwenye utumbo kinatoka na choo kwa wiki kadhaa, basi mwili unakimaliza. Chako kiliondoka ukiwa bado mtoto. Mjukuu amalizie chanjo zake zote, ila sio kwa sababu yako.

Kuhusu ndugu zako, mi nadhani wengi wao walikipata. Polio inaingia kwa mdomo, chembe ya kinyesi isiyoonekana hata kwa macho inafika kwenye maji, kwenye chakula, kwenye vidole vya mtoto ambaye kila kitu anakitia mdomoni, na kwenye nyumba ambayo watoto hawajachanjwa akipata mmoja wenzie hawachomoki kirahisi. Sasa ujanja wake ni huu, karibu watu saba katika kumi hawajui hata kama wameumwa, wengine ni homa na koo na kutapika siku chache wanarudi kucheza, anayepooza ni kama mmoja tu kwa kila 200 walioambukizwa. We ndo ulikuwa huyo mmoja.

Na mama yako hakuwa mjinga jamani. Sindano haikuleta polio, kirusi kilishaingia na ile homa ndo ilikuwa mwanzo wake, lakini madaktari wanajua toka zamani kwamba mtoto mwenye kirusi akichomwa sindano ya msuli, kiungo kilichochomwa kinakuwa kwenye hatari zaidi ya kupooza. Aliona kitu cha kweli, ila hakuwa na namna ya kujua.

Tuje kwenye mguu. Kirusi kinaua zile neva za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli, sio zinazohisi, ndo maana huo mguu mwembamba ukiufinya unaumia vizuri tu. Neva iliyokufa haifufuki. Kilichokuinua tena ni neva zilizobaki, zilichipua matawi zikaichukua misuli iliyoachwa yatima, yaani neva moja ikawa inafanya kazi ya kadhaa. Na mara nyingi huo mguu tunaouita mzima nao uliguswa kidogo bila mtu kugundua, afu juu ya hapo ukabeba mzigo wa mwenzie miaka yote hii. Sasa hizo neva zimechoka, matawi yananyauka. Inaitwa sindromu ya baada ya polio, kwa kawaida inaanza miaka 15 hadi 40 baada ya ugonjwa wenyewe, sio maambukizi mapya, na inaenda polepole sana, wakati mwingine inatulia miaka kabla ya kusogea tena.

Lakini usinichukulie mi kama kipimo. Hamna kipimo kimoja cha kuithibitisha, inabidi hospitali wakuangalie kwanza upungufu wa damu, tezi ya shingo, neva iliyobanwa mgongoni, maungio, maana hivyo navyo vinachosha hivyo hivyo na vingine vina dawa. Hii yenyewe haina dawa ya kuiponya.

Kinachonipa shida na watu wa polio ni kwamba mmekua kwa kukaza roho, mliambiwa jitahidi jitahidi mkajitahidi kweli, na sasa hiyo tabia ndo inawaumiza. Pumzika KABLA hujachoka, sio baada. Mazoezi fanya, ila mepesi, ndani ya maji ni mazuri sana, na kama kesho yake unaamka hoi ujue jana ulizidisha. Muone mtu wa fiziotherapia akupimie kiatu chenye soli iliyoinuliwa upande wa kushoto, na fimbo ishike mama, kuanguka ukavunja huo wa kulia ndo balaa kubwa kuliko aibu ya fimbo. Mguu mwembamba uvalishe soksi wakati wa baridi, damu yake inazunguka vibaya. Na siku ukipangiwa upasuaji wowote ule mwambie anayetoa dawa ya usingizi kwamba uliwahi kuugua polio, mapema kabla hujalazwa kitandani, kwa sababu watu wenu mnachelewa kuamka na anatakiwa apange dozi akijua.