Kumkaba mtu shingoni: mbona huyu nyekundu na yule dakika 10?

SWALI
Habari za kazi kaka wa michezo. Mimi nacheza raga ya watu 15 hapa Nakuru, namba saba, ila siku hizi nimenaswa na ile raga ya watu 13 ya Australia. Juni 2024 tulikaa na wenzangu Jumatano saa saba mchana kuangalia mechi ya kwanza ya State of Origin, ile ya jimbo la New South Wales na jimbo la Queensland, kijana Joseph Suaalii wa New South Wales akatolewa hata dakika 10 hazijafika kwa kumgonga Reece Walsh kichwani. Sawa. Alafu jamaa mmoja akanionyesha klipu ya 2021, Latrell Mitchell anamvunja Joseph Manu mfupa wa shavu na anaambiwa akakae nje dakika 10 tu! Kwani sheria ziko mbili? Na hizi adhabu za baadaye, mara faini mara mechi nne mara sita, nani anazipanga?
Msomaji, Nakuru

JIBU
Kaka wa Nakuru, sheria ni moja, ukigusa kichwa au shingo ya mwenye mpira umekosa. Kinachokuchanganya ni kwamba hukumu ziko mbili. Ya kwanza ni ya refa palepale uwanjani, akisaidiwa na wale wa chumba cha video, na hao wana sekunde chache tu watu elfu hamsini wakiwapigia kelele. Ya pili inakuja mechi zikishaisha, kuna kamati inakaa na video inarudisha nyuma taratibu, pembe hii pembe ile, ndo inaandika shtaka.

Shtaka lenyewe lina majina. Kuna uzembe, manake ulikuwa na nafasi ya kuinama ukakaba vibaya, kuna kutojali, hapo uliona kabisa hatari iko na ukaenda hivohivo, na kuna makusudi ambayo ni nadra sana kuisikia. Alafu uzembe na kutojali vina gredi kuanzia 1, namba ikipanda ndo kosa linavyokuwa kubwa. Wanaangalia mkono ulianzia wapi, ulikuja na nguvu kiasi gani, bega lilitangulia au la, na mwenye mpira alikuwa anaanguka au amesimama wima. Ukikiri mapema unapunguziwa, ukibisha unaenda mbele ya jopo ambalo ndani yake kuna wachezaji wa zamani, na ukishindwa huko unakula zaidi.

Sasa njoo kwa Mitchell. Ilikuwa Agosti 2021, Rabbitohs ya Mitchell na Roosters ya Manu, mechi ilichezewa Brisbane kwa sababu ya korona. Mitchell anakuja kwa kasi na bega na mkono vinatua usoni mwa Manu. Kumbuka hawa wawili walikuwa timu moja miaka michache nyuma, na Manu anaonekana amesimama pale anamfokea huku upande mmoja wa uso unavimba mbele ya macho yetu. Nimeiangalia klipu hiyo mara nyingi na kila nikiiona nakasirika upya. Refa na chumba cha video wakasema dakika 10. Baadaye wakubwa wa ligi wenyewe walikubali kwamba ile ilikuwa ya kutolewa moja kwa moja, na kamati ikampa kutojali gredi ya 2, akakosa mechi 6, ndo maana hakuwepo kwenye fainali ambayo Rabbitohs walipoteza kwa Penrith 14 kwa 12. Manu msimu wake uliishia palepale. Na kocha wa Roosters, Trent Robinson, kwa kulalamika kuhusu marefa akapigwa faini ya dola 20,000 za Australia! Hiyo namba iweke pembeni nitairudia.

Kinachouma ni kwamba miezi mitatu tu kabla, Mei hiyohiyo 2021, ligi ilikuwa imetangaza vita na kukaba juu. Wikendi moja kule Brisbane wachezaji 14 walipelekwa nje dakika 10 na watatu wakatolewa kabisa, watu wakapiga kelele kwamba raga inauliwa, inafanywa mchezo wa watoto, na baada ya wiki kadhaa mkono ukalegea. Suaalii yeye alikutana na refa ambaye siku hiyo hakulegea. Kijana wa watu mrefu kweli ameenda wima, bega moja kwa moja kichwani, Walsh akalala pale hajitambui. New South Wales wakabaki 12 mechi karibu nzima wakafungwa 38 kwa 10, na Suaalii akafungiwa mechi 4. Wengi walimwonea huruma manake ndo ilikuwa Origin yake ya kwanza. Hata mimi nilimwonea, ila kadi ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo mahali pa kulaumu ni pale uwanjani, kukaza leo na kulegeza kesho. Na kwangu mimi tatizo kubwa zaidi liko chini, kwenye yale makosa yanayoitwa madogo. Kwa kanuni zilizoanza 2022, uzembe gredi ya 1, kama ni kosa lako la kwanza na umekiri, unalipa dola 1,000 na wikendi unacheza. Mchezaji wa bei ya chini kabisa kwenye kikosi cha kwanza mwaka 2023 alilipwa dola 120,000 kwa mwaka, sasa elfu moja kwake ni nini? Aliyekabwa akipata mtikisiko wa ubongo kwa kawaida anakaa nje siku 11, kwa hiyo inawezekana kabisa aliyegongwa yuko nyumbani kwenye giza na aliyegonga yuko uwanjani anashangiliwa. Kocha kusema maneno 20,000, kichwa cha mtu 1,000. Mimi hiyo hesabu siikubali na sitaikubali, mfungieni mtu mechi moja tu hata kwa gredi ya 1 muone kama makocha hawatafundisha watu kuinama.

Uingereza, kwenye hiyohiyo raga ya watu 13, wao Desemba 2023 walitangaza kushusha mpaka wa kukaba kutoka begani hadi kwapani, na hawakuamka tu asubuhi wakaamua, kuna wachezaji wa zamani wameenda mahakamani wakisema ubongo umeharibika.

SWALI
Na mwenye mpira akiinama mwenyewe dakika ya mwisho je? Si ni kumwonea mkabaji?
Msomaji, Nairobi

JIBU
Wanaliangalia hilo, linaweza kushusha gredi au kufuta shtaka kabisa. Ila nikwambie yaliyonikuta. Miaka mingi nyuma tukiwa mazoezini, uwanja mkavu vumbi tupu, nilimkaba mwenzangu wima, akateleza kidogo, mkono wangu ukampata taya. Kile kinga meno kilimtoka kikaanguka kwenye vumbi, na yeye akainuka akacheka tukadhani yuko sawa. Akaniuliza tunacheza na nani Jumamosi. Nikamjibu. Akaniuliza tena. Tukiwa tunafunga viatu akaniuliza mara ya tatu, na kwenye matatu njiani kurudi mara ya nne, sauti ileile, kama hajawahi kuuliza. Hakuna aliyeniadhibu, kocha alisema ameteleza mwenyewe, ni bahati mbaya. Kweli aliteleza, lakini mimi ndo nilienda wima, ningekuwa nimeinama mkono ungetua kifuani hata angeteleza vipi.

Jumamosi nilicheza. Yeye hakuja.