Umaarufu au ushawishi: nini hasa huufanya muziki wa roki udumu?

SWALI

Ndugu mtaalamu, mimi na mwenzangu tuna ubishi usiokwisha. Yeye anasema muziki wa roki unaodumu ni ule uliouzwa sana, kwani namba hazidanganyi. Mimi nashikilia kwamba unaodumu ni ule uliowafundisha wanamuziki wengine, hata kama wakati wake haukununuliwa, na mfano wangu ni The Velvet Underground, bendi ya New York ya miaka ya 1960. Nani kati yetu yuko karibu na ukweli? Na je, kuna namna ya kulipima jambo hili, au ni suala la ladha tu?

JIBU

Wewe uko karibu zaidi, ila usishangilie mapema. Mfano ulioushika una mtego ndani yake, nitaufikia.

Nianze na hoja ya mwenzako. Kazi yangu ni kupanga nyimbo za kurushwa redioni na kutunza maktaba ya rekodi za zamani, kwa hiyo takwimu za mauzo nazisoma kila mara. Hazidanganyi, ni kweli, lakini mara nyingi zinajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Chukua "Tutti Frutti". Septemba 1955 Little Richard, mwimbaji Mweusi wa Marekani, aliingia studio mjini New Orleans akaurekodi wimbo huo. Anaanza bila ala yoyote, sauti yake tupu ikiigiza mapigo ya ngoma, halafu bendi nzima inaingia kwa kishindo. Muda si mrefu Pat Boone, kijana mtanashati wa Kizungu mwenye matamshi yaliyopigwa pasi, akaurudia wimbo huohuo. Kwenye chati ya pop ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, Boone alifika namba 12. Little Richard, mwenye wimbo, aliishia namba 17. Mambo yalikuwa hayohayo mapema mwaka ule: "Ain't That a Shame" ya Fats Domino ilifika namba 10, na ya Boone ikakaa namba moja.

Vituo vingi vya redio vya Marekani vilivyowalenga Wazungu havikupenda kupiga santuri za wasanii Weusi, na maduka nayo yalikwenda na redio. Kwa hiyo namba ile ilipima nani alifunguliwa mlango. Ubora wa wimbo, au hata hamu ya wasikilizaji, ilikuwa sehemu tu ya hesabu. Leo toleo linalopigwa, linalofundishwa na linalotajwa ni la Little Richard. Paul McCartney aliusoma ule ukelele wake mpaka akauweza, na unausikia waziwazi Beatles wanapoimba "Long Tall Sally" mwaka 1964. Sijawahi kukutana na mwimbaji wa roki aliyeniambia kwamba koo lake lilifunzwa na Pat Boone.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotegemea namba hulisahau. Kwa miaka mingi chati za albamu za Billboard zilitegemea ripoti za maduka: muuzaji anaulizwa kipi kinatoka sana, naye anataja anachokumbuka, au anachotaka kukumbuka. Mwezi Mei 1991 ndipo walipoanza kutumia mfumo wa SoundScan, uliohesabu mauzo pale kaunta kwa kusoma alama za mistari kwenye bidhaa. Wiki chache baadaye Skid Row, bendi ya roki nzito, ikaingia chati moja kwa moja ikiwa namba moja. Wasikilizaji hawakuwa wamebadilika ghafla mwezi ule. Waliokuwa wakinunua muziki wa aina hiyo walikuwapo siku zote, ila hesabu haikuwa ikiwaona vizuri. Kwa hiyo mwenzako akikuletea chati ya mwaka 1975 kama ushahidi wa mwisho, muulize ilihesabiwaje.

Hata pale ambapo umaarufu ulikuwa wa kweli kabisa, haukuwa dhamana. Mwaka 1971 bendi ya Grand Funk Railroad walimaliza tiketi za uwanja wa Shea, New York, kwa saa 72, haraka kuliko walivyofanya Beatles. Albamu ya kwanza ya bendi iitwayo Asia ndiyo iliyoongoza orodha ya mwaka mzima wa 1982 ya Billboard. Wote walikuwa wapigaji hodari na bado wana wapenzi wao. Lakini tafuta kijana wa miaka 20 mwenye gitaa, umwombe akupigie kitu chao, uone atakavyokutazama.

Hata hivyo mwenzako ana silaha moja kali, na ningekuwa yeye ningeitoa mapema: umaarufu una kilele, na una urefu. "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, ilikaa namba moja Marekani kwa wiki moja tu. Wiki moja! Lakini kati ya 1973 na 1988 ilikaa kwenye chati ya albamu 200 bora kwa zaidi ya wiki 700. Hapo huwezi kusema ni nguvu ya matangazo. Hakuna kampuni inayotangaza albamu moja kwa miaka 15. Watu waliendelea kuambiana.

Tena kuna nyimbo ambazo hazikuwafundisha wanamuziki jambo lolote jipya na bado ziko hai. "Don't Stop Believin'" ya Journey, ya mwaka 1981, ilifika namba 9 Marekani, na wahakiki wengi hawakuijali bendi hiyo. Mwaka 2007 ikafunga sehemu ya mwisho ya tamthilia ya The Sopranos, miaka miwili baadaye ikaimbwa kwenye Glee, na sasa haiondoki kwenye kumbi za karaoke. Nikiulizwa ni bendi gani iliyozaliwa kutokana na wimbo huo, sina jibu. Umedumu kwa sababu watu wanapenda kuuimba wakiwa pamoja, na kiitikio chenyewe kinakuja karibu na mwisho, kwa hiyo kila mtu anasubiri. Ningekuwa mkali wa nadharia ningelificha jambo hili, lakini ndivyo lilivyo.

Sasa The Velvet Underground. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1967, ile yenye picha ya ndizi iliyochorwa na msanii Andy Warhol, haikuuzwa sana ilipotoka. Mwanamuziki Brian Eno ndiye aliyeeneza msemo, kwenye mahojiano ya mwaka 1982, kwamba ingawa albamu hiyo iliuza nakala 30,000 tu katika miaka yake ya mwanzo, kila aliyeinunua alianzisha bendi. Bila shaka huu ndio msingi wa hoja yako.

Huo ndio mtego niliokutajia. Albamu hiyo haikuwa ya uchochoroni. Ilitolewa na Verve, lebo iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya MGM, ikabeba jina la Warhol aliyekuwa maarufu kuliko bendi yenyewe, na ikafika madukani. Mauzo madogo siyo sawa na kutopatikana. Mwaka 1968 mwandishi wa tamthilia Václav Havel alikuwa New York, akanunua santuri ya bendi hiyo akarudi nayo Prague, Chekoslovakia. Wakati huohuo muziki wao uliwaingia sana vijana wa huko waliounda The Plastic People of the Universe. Wanamuziki wa kundi hilo walikamatwa na serikali mwaka 1976, na kukamatwa kwao kulichangia kuzaliwa kwa Mkataba wa 77, tamko la haki za binadamu la Januari 1977 ambalo Havel alikuwa miongoni mwa waliolianzisha. Ushawishi wa bendi ya roki hauwezi kufika mbali zaidi ya hapo. Lakini hatua ya kwanza ilikuwa nakala iliyochapishwa, ikakaa kwenye rafu ya duka, ikapata mnunuzi.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Robert Johnson, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafariki mwaka 1938. Alipokuwa hai hakuwa nyota wa kitaifa. Mwaka 1961 kampuni ya Columbia ikatoa albamu ya nyimbo zake, na albamu hiyo ndiyo iliyowafikia akina Eric Clapton na Keith Richards wakiwa vijana Uingereza. Kama rekodi zile zingetupwa katika miaka ile ya katikati, ushawishi wote tunaousimulia leo usingekuwapo. Muziki hauwezi kumfundisha mtu asiyeweza kuusikia. Ndiyo maana nilisikitika zaidi kuliko wenzangu kuhusu moto wa Juni 2008 huko Universal Studios, Hollywood, ulioteketeza ghala lenye kanda mama, yaani kanda za asili ambazo nakala hutolewa kwazo. Namba za mauzo haziwezi kurudisha kanda mama.

Ushawishi nao una tabia ya kummeza aliyeuanzisha. Mpiga gitaa Link Wray alitoa "Rumble" mwaka 1958, wimbo usio na neno hata moja, na bado baadhi ya redio zilikataa kuupiga kwa kuona utachochea fujo. Usikilize kwa makini. Gitaa linakwaruza, sauti imechanika pembeni, kwa sababu Wray alitoboa matundu kwenye karatasi za spika za amplifaya yake kwa makusudi. Anapiga nyuzi chache kwa mkupuo mmoja mzito, anaziacha zilie, halafu zinafuata nyingine. Sehemu kubwa ya roki nzito iko ndani ya dakika zile mbili na nusu. Lakini watu wanaosikia mbinu hiyo kila siku ni wengi mno kuliko wanaomjua Wray. Ilipogeuka kuwa lugha ya wote, haikuhitaji tena jina la mwenyewe. Sister Rosetta Tharpe, aliyekuwa akililiza gitaa la umeme kwenye nyimbo za dini tangu miaka ya 1940, aliingizwa kwenye Rock & Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufariki.

Kwa hiyo unaposema muziki "umedumu", jiulize ni nini kilichodumu: wimbo wenyewe, au mbinu yake mikononi mwa wengine? Umaarufu wa muda mrefu hulinda wimbo, ushawishi hulinda mbinu, na vikikutana kwenye kazi moja, hiyo ndiyo haitikisiki.

Mfano wangu wa vyote viwili ni bendi ya Black Sabbath, na sababu inaanzia kiwandani. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa akifanya kazi ya mabati mjini Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vinavyobana nyuzi. Akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavivika ngozi ili visiteleze. Akatumia nyuzi nyepesi zisizomuumiza, na kufikia albamu ya tatu, ya mwaka 1971, kwenye nyimbo kadhaa akazilegeza kwa semitoni tatu. Sauti ikashuka ikawa nzito kama ilivyo leo katika sehemu kubwa ya metali, yaani roki nzito ya heavy metal. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa siku moja, Oktoba 1969. Wahakiki wengi waliibeza, wanunuzi wakaifikisha ndani ya kumi bora Uingereza. Wasikilizaji waliipenda na wapigaji wakaiiga. Walioachwa nyuma ni wahakiki, na hao hukuwataja kwenye swali lako. Labda umefanya vizuri.

Kuhusu kipimo: ladha ina nafasi yake, lakini si kila kitu ni ladha. Mimi kwanza huangalia wimbo unafanya nini baada ya kampuni kuacha kuugharamia. Ukianguka chini kabisa na kubaki hapo, nina jibu. Halafu huangalia nani ameurudia, na kama ni mwanamuziki wa aina tofauti kabisa nautilia uzito zaidi, maana hakuufuata kwa mazoea. "Running Up That Hill" ya Kate Bush ilifika namba 3 Uingereza mwaka 1985, kisha ikafika namba moja mwaka 2022 baada ya kutumika kwenye Stranger Things. Wengi husema tamthilia ndiyo iliyoufufua. Mimi nasema haukuwa umekufa: bendi ya Placebo walikwisha kuurudia mwaka 2003, na wanamuziki wa rika mbalimbali hawakuacha kumtaja Bush. Tamthilia hutumia nyimbo za zamani kila siku, na nyingi hazisogei hata hatua moja.

Muda wa kusubiri nao ni muhimu. Rock & Roll Hall of Fame humfikiria msanii baada ya miaka 25 tangu rekodi yake ya kwanza itoke. Mengi yao sikubaliani nayo, lakini hilo nalikubali, kwa sababu katika miaka 25 waliokuwa vijana wakati wimbo unatoka wamepata watoto, na watoto hao wanachagua wenyewe cha kusikiliza.

Kwa bendi za leo, usihangaike na idadi ya waliosikiliza wiki ya kwanza kwenye majukwaa ya mtandaoni, maana sehemu yake ni orodha zilizopangwa na kampuni. Tazama mwaka wa tano. Na mwenzako akiendelea kubisha, mpigie "Tutti Frutti" zote mbili mfululizo, ya Boone kwanza.