Wasifu wa bibi: Times au Garamond?

SWALI: Shikamoo mzee. Tunaandaa kijitabu cha wasifu wa bibi yetu, mzaliwa wa Ukerewe aliyeuza dagaa Mwaloni miaka mingi. Tutakigawa kwenye misa ya kumbukumbu. Mimi nimekiandika kwa fonti (aina ya herufi) ya Times New Roman. Kaka anasema hiyo ni ya barua za ofisini, tuweke Garamond. Tutatoa fotokopi hapa hapa mjini. Tushauri.
Mjukuu, Pasiansi

JIBU: Marahaba mjukuu, poleni sana na msiba. Bakini na Times.

Sifa ya uofisi imeipata kwenye kompyuta, maana kwenye programu ya kuandikia ya Word, hadi lilipokuja toleo la 2007, ndiyo iliyokuwa ikikupokea kila ukifungua ukurasa mpya. Lakini kwao ni gazetini. Iliagizwa na The Times la London. Mtaalamu wa chapa Stanley Morison akasimamia, mchoraji Victor Lardent akaichora, wasomaji wakaiona tarehe 3 Oktoba 1932. Gazeti lilitaka maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba na bado yasomeke. Kwa hiyo herufi zimebanwa ubavuni, ila zile ndogo, kama a na e, zina kimo kizuri.

Kwa Kiswahili hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa maneno yetu ni marefu na yamejaa a. Nilipokuwa napanga herufi za madini ya risasi kiwandani, sanduku lilikuwa limegawanywa kwa hesabu ya Kiingereza: e ina chumba kikubwa, k imebanwa kwenye kijichumba. Ukurasa haujafika katikati, a zimekwisha na k hakuna. Unasubiri ukurasa wa nyuma uchapwe, ufumuliwe, herufi zirudi sandukuni, ndipo uendelee. Tangu hapo fonti yoyote naanza kuitazama a yake.

Itazameni ya Garamond. Claude Garamond alichonga herufi zake Paris karne ya 16, na uzuri wake siubishi hata kidogo. Kwenye karatasi nzuri na chapa safi naipenda kuliko Times. Lakini a yake ni ndogo na kitumbo chake ni kidogo zaidi. Kwenye fotokopi, tona, yaani wino wa mashine, ikizidi kitumbo kinaziba. Ikipungua, vile vimguu vyembamba kwenye ncha za herufi vinakatika. Kaka akishikilia, basi ukubwa wa herufi uwe pointi 13.

Fonti ya Georgia mnaweza kuipenda pia, ila 3, 4, 5, 7 na 9 zake huning'inia chini ya mstari, na wasifu una miaka mingi.

Kwa ukubwa wa A5 (nusu ya karatasi ya A4), Times pointi 11 inatosha. Msinyooshe kingo za maandishi pande zote mbili: neno kama “walipomsindikiza” likishuka mstari wa chini, juu panabaki mapengo. Mkilazimika kulikata, kateni baada ya irabu: walipo-msindikiza. Jina la bibi kwenye jalada liwe kubwa, Times hiyo hiyo, bila kivuli wala mapambo.

Kabla ya kutoa nakala zote, toeni ukurasa mmoja kwenye mashine ile ile, mumpe mtu mzima wa nyumbani asome. Akianza kuisogeza karatasi mbali na macho, ongezeni pointi 1.