Usifunge Kabla Hujapima

Vijana waliosomea ufundi huniuliza wajiandae vipi kufanya kazi kwenye vituo vya utafiti wa nishati ya muungano wa viini vya atomi, ile inayowaka ndani ya jua. Wengi wanahofu kwamba fizikia yao ni ndogo. Mimi ni fundi wa mabomba, nipo kwenye kituo kimoja huku Ulaya, na nawaambia waanze na usafi wa mikono.

Kabla plazma, yaani gesi ya moto mkali mno ambamo muungano hutokea, haijawashwa, hewa yote hunyonywa kutoka ndani ya chombo kitakachoishika. Alama moja ya kidole kwenye chuma ina mafuta na unyevu ambao utafuka polepole na kuichafua plazma. Kwa hiyo tunaingia na mavazi safi, glovu zisizo na unga, na kila spana ina kamba yake. Mlangoni yupo mwenzetu mwenye daftari: kinachoingia kinaandikwa, kinachotoka kinatiwa alama. Nati moja isipoonekana, kazi inasimama mpaka ipatikane.

Kosa langu nalikumbuka vizuri. Tulikuwa tunabadilisha mabomba ya maji ya kupozea. Nilichomelea kiungio cha mwisho jioni, mshono ukalala vizuri kama magamba ya samaki. Muda wa kupima ulikuwa umepita, nami nikakubali vigae vinavyokinga ukuta wa chombo vifungwe juu yake ili zamu ya usiku iendelee. Kipimo kikaja siku 4 baadaye. Bomba hujazwa gesi ya heliamu, kisha nje yake unapitisha pua ya mashine inayoinusa. Gesi hiyo ni nyembamba mno, hupenya hata pale ambapo maji hayapiti. Pua ilipokaribia vigae vile, namba zikapanda. Tundu lenyewe sikuliona kwa macho. Vigae vyote vikafunguliwa tena, kazi ya watu wengine wa zamu mbili, na hakuna aliyenigombeza. Ukimya ule uliniuma kuliko matusi.

Msidhani ni jambo dogo. Kule Naka, Japani, kwenye mtambo wa JT-60SA, Machi 2021 kihami cha umeme kwenye kiungio cha koili moja ya sumaku hakikutosha. Cheche ikaruka, heliamu ya kupozea ikavuja, na plazma ya kwanza ikachelewa mpaka Oktoba 2023. Na Greifswald, Ujerumani, mtambo wa Wendelstein 7-X ulisimama zaidi ya miaka 3 ukiwekewa vigae vinavyopozwa kwa maji. Ulipowashwa tena, Februari 2023 ulishikilia plazma kwa dakika 8. Mimi nikisoma habari ile nawaza viungio vyote vilivyopimwa kimoja kimoja ili dakika hizo zipatikane.

Kwa hiyo jifunzeni kuchomelea mabomba membamba ya chuma cha pua, mjifunze kupima uvujaji, na zaidi ya yote mzoee kumwambia msimamizi, "Bado sijapima," hata akiwa na haraka. Neno hilo ni gumu kwa mgeni. Niliogopa kulisema, nikaona bora ninyamaze.

Siku hizi kila kiungio changu ambacho hakijapimwa nakifunga utepe mwekundu, na anayeukata ni mimi mwenyewe. Wiki iliyopita utepe mmoja ulikaa siku 3. Zamu nzima ilisubiri.