Kata kipande chako mwenyewe: maswali yenu kuhusu upimaji wa plastiki

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu walionunua plastiki kwa fedha ya jasho, kisha ikawaangusha. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya maabara ya polima, yaani ile minyororo mirefu inayounda plastiki, na barua hizi huniuma. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa kuwa inabeba maji ya kijiji kizima.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya maji, Nyanda za Juu Kusini. Tulichangishana tukalaza kilomita nne za bomba jeusi lenye mistari ya bluu. Huu ni mwaka wa tatu na linapasuka ovyo. Mkandarasi ana cheti cha maabara na anasema tulililaza vibaya. Tutajuaje?

Marahaba, na poleni sana. Anzeni na mpasuko wenyewe. Kama bomba lilivimba kwanza kama tumbo, na midomo ya mpasuko imevutika ikawa myembamba, basi presha ilizidi: pampu, valvu inayofungwa kwa ghafla, au bomba la daraja dogo kuliko mteremko wenu. Lakini kama ni ufa mwembamba ulionyooka kufuata urefu wa bomba, na ukuta haujavimba popote, ufa huo ulikua polepole, mara nyingi kuanzia penye mkwaruzo au penye jiwe. Mkandarasi atashika hilo jiwe. Msikubali upesi. Malighafi nzuri huvumilia mkwaruzo mdogo miaka na miaka. Hafifu ndiyo inayosalimu amri mapema.

Kisha kateni wenyewe, mbele ya mashahidi, kipande chenye ufa na kingine kutoka kwenye roli ambalo halijafukiwa. Piga picha maandishi yaliyochapwa ubavuni. Vipelekeni kwenye maabara yenye vifaa vya plastiki, kwa mfano ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mtaje vipimo kwa majina, maana ukisema tu "nipimieni ubora" utapimiwa unene na kipenyo.

Cha kwanza ni masizi ya kaboni, yale yanayolipa bomba weusi na kulikinga na jua. Kiwango cha ISO 4427, cha kimataifa cha mabomba ya maji ya polithini kama lenu, kinataka asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito. Jicho halisaidii hapa, kwani masizi kidogo tu yanatosha kulifanya jeusi ti. Maabara huchukua karibu gramu moja, huipasha moto wa nyuzi 550 ndani ya gesi ya nitrojeni, pasipo hewa, ili plastiki iondoke kama gesi na masizi yabaki, hupima uzito, kisha huunguza masizi kwa nyuzi 900 penye hewa. Kinachobaki mwisho ni majivu. Majivu yakiwa mengi, mmeuziwa unga wa mawe. Waombeni pia waangalie kwa hadubini kama masizi yametawanyika sawasawa, maana penye bonge ndipo ufa unapopenda kuanzia.

Cha pili ni utiririko. Vipande hutiwa kwenye silinda yenye nyuzi 190, uzito wa kilo 5 huvisukuma kupitia tundu la zaidi kidogo ya milimita 2, na kinachotoka kwa dakika 10 hupimwa kwenye mizani. Bomba la maji linatakiwa kutoa gramu 0.2 hadi 1.4 tu. Likitoa nyingi kuliko hapo, minyororo ya polima ni mifupi, kama katani iliyokatwakatwa: kamba utasokota, lakini haitavuta ng'ombe.

Cha tatu huonyesha kama dawa ya kuzuia uozo unaoletwa na oksijeni bado imo. Miligramu chache hupashwa moto hadi nyuzi 200 ndani ya nitrojeni, kisha oksijeni hufunguliwa na saa kuanza kuhesabu. Bomba jipya linatakiwa lipite dakika 20 kabla ya kuanza kuungua.

Cha nne ndicho ninachokiamini kuliko vyote: kipande cha bomba, bila kusagwa, huzibwa ncha na kujazwa maji, huzamishwa kwenye maji ya nyuzi 80 na kuwekewa presha. Bomba la PE100 (daraja la polithini ya mabomba) la presha ya baa 16 hubebeshwa karibu baa 10.8 na halitakiwi kupasuka kabla ya saa 165, takriban siku saba. Joto hilo huharakisha uzee, hivyo kinachochukua miaka ardhini huonekana ndani ya wiki.

Kwa nini kipande cha plastiki kinachopimwa nguvu kwa mashine ya kuvuta hukatwa kama mfupa? Mimi ni mwanafunzi wa ufundi.

Ili kikatike katikati, penye wembamba. Kipande kilichonyooka hukatikia kwenye meno ya mashine, na hapo unakuwa umepima meno. Usisahau kukiacha kwanza kwenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50, hasa kama ni nailoni. Nailoni hunywa unyevu wa hewa na kulegea, kwa hiyo ile ya Tanga, pwani, na ile ya Makete, milimani, hazitakupa jibu moja.

Nauza mabeseni na ndoo. Yale ya bei rahisi yanavunjika kama vigae. Naweza kuyapima dukani?

Kidogo, unaweza. Chukua kigae cha beseni, kioshe kwa sabuni kisishike mapovu, kizamishe majini. Polithini na polipropilini tupu ni nyepesi kuliko maji, lazima zielee. Likizama beseni linaloitwa polipropilini, ama si polipropilini ama limeshindiliwa unga wa chokaa. Unga kidogo hauna ubaya, hata huongeza ugumu. Ukizidi, beseni likianguka halina uvumilivu. Ila kuelea si cheti: plastiki iliyorejelezwa mara nyingi nayo huelea. Na tafadhali usichome vipande ili unuse moshi. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu.

Narejeleza vizibo vya chupa. Mnunuzi amekataa tani nzima akisema nimechanganya. Alijuaje, na vyote ni vizibo?

Kwa kuviyeyusha taratibu kwenye kifaa kinachorekodi joto linaloingia. Vizibo vya polithini huyeyuka karibu na nyuzi 130, vya polipropilini karibu na 160. Sampuli yako ilitoa vilima viwili kwenye grafu, na hapo hakuna ubishi. Zote mbili huelea, ndiyo maana pipa lako la maji halikuzitenga. Vitenganishe kwa mikono kabla ya kusaga, aina moja ya kizibo kwa mara moja, na upime kila gunia kwa uchache wa sampuli tatu: juu, katikati na chini.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Cheti cha kiwanda si kinatosha?

Cheti husema ukweli kuhusu kipande kilichofika maabara. Nani alikikata, na lini? Linganisha namba ya mkupuo na tarehe iliyo kwenye cheti na ile iliyochapwa kwenye bomba lako. Zikitofautiana, cheti hicho ni cha bomba lingine. Zikilingana, bado kata sentimita thelathini kutoka kwenye kila mzigo, andika tarehe na jina la aliyekuuzia, uhifadhi ndani, mbali na jua. Siku kijiji kitakapokurudia na ufa mkononi, utakuwa na kitu cha kupeleka maabara.